Sukari ya Daftarini na Sukari ya Mwilini

Mwaka 1984 watafiti wa New York, akiwemo Roger Mazze, walichapisha utafiti mdogo ambao madaktari wa kisukari wanautaja mpaka leo. Walikuwa wamewapa wagonjwa mashine za kupimia sukari nyumbani, wakawaomba waandike kila jibu daftarini kama walivyozoea. Hawakuwaambia kwamba ndani ya mashine kulikuwa na kumbukumbu inayohifadhi kila kipimo. Baadaye daftari likalinganishwa na mashine, na havikuelewana. Kulikuwa na vipimo vya juu ambavyo mashine ilivishika lakini daftari halikuvitaja. Kulikuwa na namba nzuri daftarini ambazo mashine haikupata kuziona, kwa sababu kidole hakikuchomwa. Kwa wengi wao, wastani wa daftari ulikuwa chini ya wastani wa mashine.

Ukikaa kwenye benchi la kliniki ya kisukari asubuhi, iwe Temeke, Kisumu au Bukoba, utayaona madaftari ya aina hiyo. Yanatolewa kwenye mkoba yakiwa safi mno. Miezi miwili mizima imeandikwa kwa kalamu moja, namba zikizunguka kati ya 6 na 7 (milimoli kwa lita), hakuna doa la damu wala kona iliyokunjika. Muuguzi mzoefu akilitupia jicho tu anajua limejazwa jana usiku. Wengine husema. Wengine hunyamaza, wakanakili namba kwenye faili, na faili hilo ndilo daktari atakalolitazama kuamua kama dozi ipande, ishuke au ibaki palepale.

Daftari likionyesha 6.5 wakati damu ina 14, dozi haipandi, na macho, figo na mishipa ya fahamu vinazidi kuharibika kimyakimya. Hilo wengi wanalielewa. Hatari ya upande wa pili huzungumzwa kidogo. Mgonjwa anayeruka sindano zake lakini anasema anachoma zote huongezewa dozi, kwa sababu sukari yake haishuki na daktari hana sababu nyingine ya kuishuku. Miezi mitatu baadaye anaongezewa tena. Siku akilazwa wodini kwa malaria au kwa upasuaji, muuguzi anamchoma dozi ile iliyoandikwa kwenye faili, yote, kwa saa zake. Mwili ambao haujawahi kupata insulini nyingi kiasi hicho unaporomoka sukari, na mtu anaweza kufia hospitalini kwa dawa iliyoandikwa kwa maneno yake mwenyewe.

Hata hivyo siko tayari kuwaita wagonjwa hawa waongo na kuishia hapo. Ukweli wa mgonjwa hutegemea sana yule anayeupokea na atakachoufanyia. Daftari lilipaswa kuwa chombo cha kazi cha watu wawili wanaotafuta dozi inayofaa. Katika kliniki nyingi limegeuka kuwa ripoti ya shule ambayo mtoto anaikabidhi nyumbani akiwa anatetemeka. Mama wa miaka 60 anaonyesha 15, na benchi zima linasikia: "Mama, umekula nini wewe? Si tulikwambia?" Anaulizwa kuhusu chapati na soda mbele ya watu wanaoweza kuwa wajukuu zake. Safari ijayo hataonyesha 15. Amejifunza kwamba namba kubwa inaleta fedheha na namba ndogo inaleta "hongera mama, endelea hivyohivyo", na kwa kuwa hakuna aliyemfundisha kushusha ile namba kubwa, anaishusha kwa kalamu.

Ipo pia bei ya stripu, vile vipande vya kuwekea tone la damu. Kila kipimo kinamaliza stripu moja, na stripu za mashine moja hazikubali kwenye mashine ya kampuni nyingine. Mtu anayeambiwa apime mara tatu kwa siku anahitaji karibu stripu 90 kwa mwezi. Kwa mchuuzi wa samaki au kibarua wa shamba la mkonge, hizo ni fedha za unga na za karo. Anapima mara mbili kwa wiki, mara nyingine hapimi, na nafasi zilizobaki wazi kwenye jedwali anazijaza kwa kukisia kutokana na anavyojisikia. Kliniki ikimpa mtu jedwali la vipimo 90 bila kumpa stripu 90, kwa maoni yangu imemwomba yenyewe aandike uongo.

Mashine hizo zenyewe huenda zingechelewa kufika mikononi mwa wagonjwa kama neno la mgonjwa mmoja lisingepiganiwa. Richard Bernstein alikuwa mhandisi wa Marekani mwenye kisukari tangu utotoni. Mwaka 1969 aliona tangazo la mashine ya kupimia sukari iliyokusudiwa hospitali: ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja na bei ya dola 650, na haikuuzwa kwa mgonjwa. Mkewe alikuwa daktari, kwa hiyo ikanunuliwa kwa jina lake. Bernstein akaanza kujipima mara kadhaa kwa siku, akaona chakula gani kinampandisha na dozi gani inamshusha, akarekebisha maisha yake na afya yake ikabadilika. Alipoandika matokeo yake, majarida ya kitabibu hayakuyataka. Aliingia chuo cha udaktari akiwa na umri wa miaka zaidi ya 40 ili asikilizwe. Leo kujipima nyumbani ni jambo la kawaida duniani kote, na mzizi wake mmoja ni rekodi za mgonjwa aliyeandika ukweli wote, mzuri na mbaya, kwa sababu alikuwa anaziandika kwa ajili yake mwenyewe.

Baadhi ya wahudumu hudhani wamelikwepa tatizo kwa kuacha daftari na kupima sukari ya asubuhi palepale kliniki. Lakini kidole kinachochomwa siku ya kliniki nacho kinaweza kuandaliwa. Watu wengi humeza dawa zao kwa uaminifu siku tatu nne za mwisho, huacha ugali wa usiku, hulala na maji tu. Asubuhi mashine inasoma 6.8. Mashine haikusema uongo, ila imepima siku moja iliyotengenezwa kati ya siku 60 ambazo hazikutengenezwa.

Ndiyo maana kipimo cha HbA1c kilipokelewa kwa furaha kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Samuel Rahbar, daktari wa Iran aliyefanya kazi Tehran, aliona himoglobini isiyo ya kawaida katika damu ya wagonjwa wa kisukari. Ilikuja kufahamika kwamba sukari hujishika kwenye himoglobini, na kwa kuwa chembe nyekundu huishi takriban siku 120, kiasi kilichojishika kinaeleza wastani wa miezi miwili mitatu iliyopita. Mwaka 1993 utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada, uliowafuatilia watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, ulionyesha kwamba kuishusha HbA1c kutoka karibu asilimia 9 hadi karibu 7 kunapunguza sana madhara ya macho, figo na mishipa ya fahamu. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likakubali asilimia 6.5 kuwa kiwango cha kutambulia ugonjwa. Hatimaye damu ingejisemea yenyewe.

Lakini damu yetu ina historia yake. Chochote kinachofupisha maisha ya chembe nyekundu huishusha HbA1c bila sukari kushuka, maana chembe inakufa kabla haijabeba sukari ya kutosha. Malaria inayojirudia inaweza kufanya hivyo, na kuvuja damu pia. Ukosefu wa madini ya chuma kwa kawaida hupotosha kwa kuipandisha. Kwa mwenye ugonjwa wa selimundu kipimo hiki hakitegemewi kabisa. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba hata watu weusi wanaobeba kinasaba kimoja tu cha selimundu, ambao ni wazima na wengi hawajijui, husomeka chini kwa karibu asilimia 0.3 kuliko wenzao wenye sukari ileile. Mwaka huohuo utafiti mwingine ulionyesha kwamba badiliko la kinasaba cha G6PD, linalopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika, hushusha kipimo hicho kwa wanaume wanaolibeba kwa karibu asilimia 0.8. Tofauti hiyo inatosha kumfanya mgonjwa aonekane mzima. Vinasaba vyote viwili vimejaa Pwani na ukanda wa Ziwa Victoria, ambako malaria imekaa karne nyingi.

Kwa hiyo daktari wa Mwanza anayeona HbA1c nzuri huku mgonjwa anamwambia anaamka mara nne usiku kukojoa, ana kiu isiyokatika na anapungua mwili, asikimbilie kudhani mgonjwa anazidisha. Amuulize kama kuna selimundu kwao, na apime sukari yenyewe. Hapa neno la mgonjwa ndilo linaloisahihisha maabara.

Katika makundi yote ya taarifa zinazopotosha, lile linalonisumbua zaidi halina uongo ndani yake. Muulize mtu aliyeishi na kisukari miaka 15: "Miguu vipi?" Atasema, "Miguu haina shida." Anasema kweli kama anavyoijua. Sukari imeshaua mishipa ya fahamu ya nyayo, maumivu yameondoka, na yeye anadhani ule moto wa miguu uliomsumbua zamani umepona. Daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam, ambao wametibu vidonda vya miguu ya kisukari kwa miaka mingi, mwaka 2005 walichapisha maelezo ya wagonjwa waliong'atwa na panya miguuni usiku wakiwa wamelala. Hawakuamka. Asubuhi ndipo walipoona majeraha. Wengine wetu tunaruka mbu akitutulia, na kuna mtu wa Dar es Salaam ambaye panya alimng'ata mguuni asijue.

Hakuna dodoso litakaloligundua tatizo hilo. Dawa yake ni kuvua kiatu. Mhudumu ainame, atazame katikati ya vidole, aguse nyayo kwa uzi mgumu wa plastiki unaopinda kwa uzito wa gramu 10, na amwambie mgonjwa afumbe macho aseme anapohisi kuguswa. Ni kazi ya dakika chache. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania na India zilikuwa miongoni mwa nchi zilizoanza mradi wa kuwafundisha madaktari na wauguzi utunzaji wa miguu hatua kwa hatua, na mafunzo hayo yakaenea nchi nyingine. Wanaofanya kazi hiyo hawaridhiki na jibu la mdomo, kwa sababu wanajua mdomo hauna habari.

Sukari inaposhuka mno hali huwa hivyohivyo. Ikifika chini ya 3.9, mtu kwa kawaida hutetemeka, hutoka jasho jembamba, moyo humdunda, njaa humshika. Lakini aliyeshuka mara nyingi hupoteza dalili hizo. Mwili unaacha kupiga kelele. Ukimuuliza kama sukari humshuka atasema hapana, na mkewe aliyesimama nyuma yake atatikisa kichwa. Tena, kwa makadirio ya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari ya mwaka 2021, zaidi ya nusu ya watu wazima wenye kisukari Afrika hawajui kwamba wanacho. Wote hao ukiwauliza "Una kisukari?" watakujibu "Sina" kwa moyo mweupe. Ndiyo maana Donald McLarty na Andrew Swai wa Muhimbili walipotaka kujua ukubwa wa kisukari vijijini Tanzania miaka ya 1980 walikwenda kuwapima watu damu, wakapata karibu asilimia 1. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 nao ulipima, ukapata asilimia 9.1 kwa watu wa miaka 25 hadi 64.

Kuna ukweli mwingine unaofichwa kwa sababu una gharama. Umoja wa Ulaya ulipokaza masharti ya leseni za udereva kwa watu ambao sukari huwashuka vibaya zaidi ya mara moja kwa mwaka, kliniki moja ya Denmark iliangalia rekodi zake. Idadi ya matukio yaliyoripotiwa na wagonjwa wa aina ya kwanza ilianguka kwa zaidi ya nusu mara sheria ilipoanza kutumika mwaka 2012. Insulini ilikuwa ileile na watu walewale. Kilichopungua ni kusema. Dereva wa lori wa Tunduma au wa bodaboda wa Nakuru ambaye familia nzima inamtegemea atapiga hesabu hiyohiyo bila kuhitaji sheria ya Ulaya. Akijua kwamba neno "nilizimia" litamnyima usukani, daktari hatalisikia, wala abiria wake.

Ramadhani nayo ina ukimya wake. Utafiti wa mwaka 2001 katika nchi 13, uliohusisha watu zaidi ya 12,000, ulionyesha kwamba karibu asilimia 79 ya wenye kisukari cha aina ya pili walifunga angalau siku 15 za mwezi. Mombasa, Unguja, Lamu na Tanga hali haiwezi kuwa mbali na hiyo. Mzee aliyekwisha kuamua kufunga, akiona daktari anakaribia kumkataza, atasema "Insha'Allah tutaona" na kufunga. Atabadilisha saa za vidonge peke yake, au ataviacha vya mchana visimezwe kabisa. Angeulizwa wiki mbili kabla ya mwezi, "Babu, mwaka huu unakusudia kufunga?", kwa sauti ya mtu anayetaka kumsaidia, dozi ya futari na ya daku ingepangwa. Angeambiwa kwamba miongozo ya kimataifa inaeleza kuwa kuchoma kidole hakubatilishi saumu, na kwamba sukari ikishuka chini ya 3.9 afungue hapohapo.

Dawa za miti shamba husemwa kwa nadra zaidi. Uwatu, mlonge, shubiri, mdalasini, chupa iliyotoka kwa fundi fulani: baadhi kweli hushusha sukari, na zikikutana na insulini mtu anaweza kushuka ghafla. Lakini nani atamwonyesha chupa hiyo daktari anayejulikana kwa kuzikejeli? Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walipanda magari kwenda Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, wakanywa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Kisukari kilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyosemekana kupona. Wapo waliorudi wakisema wamepona, wakaacha dawa za hospitali. Ushuhuda wao ulikuwa wa kweli kwa maana ya kwamba ndivyo walivyojisikia, na kisukari ni ugonjwa unaoweza kukuachia ujisikie vizuri ukiwa na 16. Kliniki iliyowapokea bila kuwacheka na kuwapima tu, wiki kwa wiki, iliwapa nafasi ya kurudi kwenye dawa. Iliyowafokea iliwapoteza.

Mara nyingine mgonjwa anaficha kitu ambacho hakikuwa kosa. Kwa miaka mingi familia zisizo na jokofu zilinyimwa insulini au zikadanganya kwamba zinatumia la jirani, kumbe chupa inakaa kwenye chungu chenye mchanga wenye unyevu. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha matokeo kutoka kambi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mwa Kenya: insulini iliyokaa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu yake. Wagonjwa wangeweza kusema ukweli wao miaka yote hiyo, na utafiti wa namna hiyo ungefanywa mapema zaidi.

Na wanaume. Kisukari huharibu mishipa ya damu na ya fahamu, na upungufu wa nguvu za kiume ni moja ya madhara yake ya kawaida. Wanaume wengi huliona hilo kabla ya tatizo la macho. Hawalisemi kwa sista aliye umri wa binti zao, nje ya pazia ambalo halizuii sauti. Wanachofanya ni kuamua kimoyomoyo kwamba vidonge ndivyo vinavyowamaliza, na kuviacha. Daktari anabaki na sukari inayopanda na mtu anayesema anameza dawa zote.

Kuuliza kunafundishika. Mwanasaikolojia William Polonsky na wenzake mwaka 1995 walitunga dodoso fupi linalomuuliza mgonjwa ni mambo gani ya kisukari yanayomchosha na kumtia hofu, likaonyesha kwamba uchovu huo unaweza kupimwa kama sukari inavyopimwa. Swali la "Unameza dawa vizuri?" lina jibu moja tu la adabu. "Watu wengi hukosa dozi mara mojamoja, wiki iliyopita zilikupita ngapi?" limekwishamsamehe mtu kabla hajajibu, na lina mipaka ambayo kumbukumbu inaifikia. Kuhusu chakula, kumuuliza mtu anayekula kwenye sinia na watu sita amekula gramu ngapi za wali ni kumtesa. Muulize jana alikula nini na saa ngapi. Muombe aje na mashine yenyewe, mfuko wa dawa zote, na chupa ya fundi. Namba 17 ikitokea kwenye mashine, neno la kwanza liwe asante kwa kuileta, kisha mtafute pamoja siku hiyo ilikuwaje.

Na mpe kiti yule aliyemsindikiza, kama mgonjwa mwenyewe amekubali. Mke, binti au mjukuu anayelala chumba kimoja naye ndiye anayejua shuka hulowa jasho saa nane za usiku, kwamba babu huongea maneno yasiyoeleweka kabla ya chai, kwamba sindano za jioni zimekaa mezani tangu Jumanne. Kliniki nyingi humwacha mtu huyo nje, kwenye benchi, akilinda mkoba.